Helena Anabaki

Mama Ngoie, mke wangu,

Mvua ya kwanza imepiga juzi, na leo alfajiri jirani yetu Bana Mutale, mama wa samaki, ameniletea bakuli la kumbikumbi wa kukaanga, amelifunika kwa sahani wasipoe. Nimewala wote peke yangu, nimesimama, kama mtoto aliyeiba. Nilipomaliza nikaona hakuna wa kunigombeza, ndipo nikachukua karatasi. Miezi minane imepita tangu tulipokulaza kaburini, na mimi ambaye kazi yangu ni barua za watu, sijakuandikia hata mstari. Nilijaribu. Niliandika tarehe, nikaangalia ukuta, nikaikunja karatasi. Leo nimeamka na furaha fulani ambayo haifai kukaa nayo peke yangu, kwa hiyo nakuletea.

Utavumilia Kiswahili changu. Ulikuwa unasema kimevaa kravati. Wewe uliongea Kiswahili cha Likasi, cha sokoni na kisimani, na kila mtu akakuelewa. Mimi niliongea cha vitabu, watu wakaniitikia kwa heshima, halafu wakazunguka nyuma ya nyumba kukuuliza nilikuwa nimesema nini.

Watu wa hapa wananiuliza bado: ilikuwaje wazee wawili kutoka Zaire wakavuka ziwa kuja kushika biro, yaani ofisi, ya misioni hapa Nchelenge, badala ya kukaa na wajukuu? Huwa nawajibu kwamba tuliitwa. Si uongo, lakini si habari nzima. Sasa kwa kuwa hupo kunikatiza, nimeanza kuwaeleza habari nzima, na inawafurahisha kuliko mahubiri yangu.

Nawaeleza kwamba nilikuwa nimemaliza miaka yangu ya reli, shefu wa gare, mkuu wa stesheni mwenye kofia, na kwamba nilikaa nyumbani miezi mitatu nikiwasumbua kuku wako. Jumapili ile mzee wa kanisa alisimama akasema misioni inatafuta mume na mke wenye umri, wanaojua kusoma, wasio na watoto wadogo, waende Nchelenge. Wazungu wazee waliokuwa wanashika biro ile walikuwa wamerudi kwao. Kulikuwa na barua za makanisa ya pande mbili za ziwa, kulikuwa na masomo ya Jumapili ya kuchapisha, na pale Kashikishi, sokoni karibu na misioni, walikuwa wamejaa watu wetu wa biashara ya samaki, hawana wa kuwasomea wala kuwaandikia kwa lugha yao. Kabla mzee hajaketi mimi nilikuwa nimesimama. Nikasema, “Tuko tayari.” Kanisa likapiga makofi. Wewe ulikuwa upande wa wanawake, na niliiona shingo yako imenyooka, haigeuki kuume wala kushoto.

Njia nzima ulitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye lango ukasimama, mkono juu ya komeo.

“Baba Ngoie,” ulisema, “ile ‘tuko’ ulisema, mi nilikuwa mule ndani?”

Nilianza kusema juu ya kazi ya Bwana. Ukaniambia kazi ya Bwana unaijua, umeifanya jikoni mwangu miaka thelathini na saba. Ukasema kwa kuwa kanisa limekwisha kupiga makofi utakuja, usinitie aibu, lakini ni mwaka mmoja, hata siku moja isiongezwe. Nikakubali upesi, nikidhani nimepona.

Unakumbuka tulivyofika? Pasta Chola alitupokea akiwa na kanzu iliyolowa hadi magotini, kwa sababu alikuwa ameingia majini kukushika mkono. Akauliza jina lako. Kule kwetu majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa tayari, na wewe ulikuwa umelificha la kwako kama mtu anavyoficha kitambaa kizuri sandukuni. Ukaangalia nyuma, uone kama kuna mtu wa serikali aliyetufuata mpaka huku. Kisha ukasema: “Helena.” Ukalisema tena, kwa sauti. Nilikuwa nimechoka, nikaona ni jambo dogo. Sasa najua ile ndiyo ilikuwa zawadi ya kwanza uliyopewa na nchi hii.

Biro yenyewe ilikuwa vyumba viwili na bati, na harufu ya sabuni ya wale waliotutangulia. Nilifurahi. Nilipanga mafaili, nikasafisha mashini ya kuandika, nikabandika tangazo mlangoni kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: watu waingie mmoja mmoja, kuanzia saa mbili kamili. Halafu nikaketi na kravati yangu nikangoja. Wiki ya kwanza waliingia watu wanne. Wiki ya pili wawili. Mmoja wao alikuwa anatafuta mbuzi wake.

Wewe hukupewa kazi. Sikufikiri kukupa. Ulikaa barazani ukichambua chisense, vile visamaki vidogo vilivyokaushwa vinavyoingia mchanga usipoangalia, na Bana Mutale, aliyekuwa akipita na beseni lake kutoka Kashikishi, akasimama kukuonyesha kwamba unavichambua vibaya. Yeye hakuwa na Kiswahili ila cha kuuzia samaki. Wewe hukuwa na Kibemba hata cha kuombea maji. Mlicheka mpaka nikafunga dirisha. Kufikia mwezi wa pili ulikuwa unasema “mwapoleni mukwai” kwa kila anayepita, unapiga magoti kidogo kama wao, na wao walikuwa wamekuita Bana Ngoie, yaani mama wa Ngoie kwa lugha yao, na kukuletea mihogo.

Asubuhi moja kelele zilinishinda. Nilitoka kuomba utulivu. Nikakuta watu kumi na mmoja wameketi barazani, juu ya mkeka wangu wa chumbani, na wote walikuwa wamekuja kwa shughuli za biro. Mwanamke wa Chienge alitaka cheti cha ubatizo cha mwanawe. Wafanyabiashara wawili wa Kilwa, ile ya kwetu ng'ambo ya ziwa, walitaka kupeleka barua nyumbani. Wengine walitaka masomo, wengine walitaka nafasi ndani ya boti ya misioni. Ulikuwa umewasikiliza wote, unajua nani ametangulia kufika na nani ana mgonjwa nyumbani. Ulinipungia mkono, ukasema bila kusimama kwamba afadhali nimetoka, nilete karatasi, nianze na yule bibi kwa sababu ametembea tangu alfajiri.

Siku ile tuliibeba meza nje, mimi upande huu na wewe upande ule. Haijarudi ndani mpaka leo, isipokuwa mvua ikipiga kutoka magharibi.

Nikikumbuka siku zetu baada ya hapo, nashangaa zilivyofanana na zilivyokuwa tamu. Uji, sala, kunyoa ndevu, meza barazani. Wewe unauliza, unanitafsiria, mimi napiga mashini. Saa sita bukari, ugali wetu, na samaki, na watu waliobaki wanakula nasi, kwa sababu ulikataa kabisa kula mbele ya mtu anayengoja. Alhamisi ilikuwa siku ya masomo ya Jumapili: unazungusha mkono wa mashini ya kuchapisha, mimi nazipokea kurasa, na wino unatupaka wote wawili mpaka viwiko. Ile miezi mafuta na sukari vilipopotea madukani, Bana Mutale alikushikia nafasi kwenye foleni na wewe ukamwandikishia barua zake kwanza, nikasema huo ni upendeleo, ukasema ndiyo, ni upendeleo. Miaka thelathini na saba ya ndoa sikuwahi kujua unavyofanya kazi. Nilikuwa natoka asubuhi naenda gare, narudi jioni nakuta sahani. Hapa nilikaa mkono wako wa kushoto kutwa nzima, nikaona jinsi unavyomtazama mtu mpaka anasema lile lililomleta kweli. Nilikupenda upya, Helena. Sikukuambia. Mtu wa reli anaona haya.

Na ndiyo sababu nilifanya lile kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza.

Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha. Kila jioni jua likishuka upande wa Kilwa nilikukuta umesimama ufukweni, kitenge mabegani, unaangalia ng'ambo. Nikajiambia anahesabu siku, anawalilia watoto, na mimi ndiye niliyemtoa kwake. Moyo ulinichoma. Nikawaandikia wazee wa Likasi kwa siri kwamba mke wangu hawezi zaidi, watuachilie turudi. Niliona nafanya wema. Nilisahau tu kwamba mfuko wa barua kutoka Kilwa ulikuwa unafunguliwa na wewe.

Ilikuwa asubuhi, baraza limejaa. Uliisoma barua ya wazee, jibu lao kwangu, polepole, kidole juu ya kila neno, kama ulivyokuwa unasoma Zaburi. Ukaisoma tena. Kisha ukaiweka juu ya mashini yangu, ukasema kwa sauti ya chini sana, na watu wote wakainua shingo ingawa nusu yao hawakujua lugha:

“Mara ya kwanza ulinileta, haukuniuliza. Leo unanirudisha, haukuniuliza. Niko muzigo, Baba Ngoie? Juu ya nini haujue kuniuliza?”

Nikakueleza juu ya ufukwe, juu ya macho yako kuelekea Kilwa. Ukaniangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe amepanda ngazi. Ukasema ulikuwa unangoja boti ya barua, kwa sababu unapenda kuwa wa kwanza kujua nani ameandikiwa. Bana Mutale akaomba aelezwe. Ukamweleza kwa Kibemba. Akacheka akashika nguzo.

Mimi sikucheka. Niliondoa mikono yangu juu ya mashini, na nikakuuliza mbele ya watu, na ninaona haya kusema kwamba ilikuwa mara ya kwanza: “Helena, wewe unataka nini?”

Nilidhani utasema nyumbani. Ulisema unataka kubaki. Na unataka kiti chako mwenyewe penye meza, chenye mgongo, maana tangu tufike ulikuwa unakalia kreti ya soda na mimi sikuona. Kisha ukanisogezea karatasi mpya, nikakuandikia barua ya kwanza ya maisha yako kwa wakubwa. Nilianza “Tumeamua”. Ukanisimamisha. “Futa. Andika: Helena anabaki. Bwana wake naye anabaki, kama anataka.”

Wazee wa Likasi waliisoma mbele ya kanisa zima. Ngoie, mtoto wetu, alituandikia kwamba watu walipiga makofi kuliko mara ya kwanza.

Mwaka mmoja ukawa mitatu na nusu. Sitasema mengi juu ya ile wiki ya mwezi wa tatu. Ilikuwa kifua, ilikuwa siku nne, na walikuhudumia vizuri. Uliniambia nisiwafokee watu asubuhi kabla hawajakaa. Uliniambia pale sabuni ilipo. Kisha ukalala, na mimi nikaendelea kukushika mkono kwa muda bila kujua. Wanawake walikuimbia kwa Kibemba na kwa Kiswahili kwa wakati mmoja, maneno hayakulingana lakini sauti zililingana. Ninawaza wimbo ule na bado ninaweza kupumua. Basi, inatosha.

Sasa habari. Bana Mutale amepata mjukuu, anafanana na Mutale mwenyewe, masikio matupu. Pasta Chola amenunua miwani na amegundua kwamba mistari mingine ya Biblia haisemi alivyokuwa anaisoma. Kibemba changu kimekua. Mwezi uliopita bibi mmoja alikuja kutoka Chienge, akaketi kwenye kiti chako bila kuuliza, akanieleza habari ya shamba na wifi yake kwa nusu saa, na alipoondoka ndipo nilipotambua kwamba sikumwita mtu wa kutafsiri. Wakati wa kuondoka alinibariki, akaniita bashikulu, babu. Nilikaa pale nikitabasamu kama mjinga, na aliyefuata ikabidi agonge meza.

Ngoie aliandika kunitaka nirudi Likasi. Aliandika kwa ukali, kama wewe. Sikumjibu nilivyoona mimi. Nilimuuliza kwanza anataka nini hasa, na nikawauliza Pasta Chola na watu wa baraza vilevile. Ngoie akajibu kwamba anataka nisife peke yangu, na anataka nimfundishe mtoto wake kusoma. Watu wa hapa wanataka nisiondoke kabla hawajapata wengine. Basi tumekubaliana sote: nitaenda kula Noeli kule na kukaa mwezi mmoja, kisha nitarudi hapa mpaka misioni itakapopata mume na mke wengine, na niwaonyeshe kazi. Hakuna aliyepata yote, hakuna aliyenuna.

Sasa nikueleze kilichonipa furaha mpaka nikashika kalamu. Jumamosi nilikwenda kisiwani Chisenga.

Najua. Hukuwahi kunipeleka. Kila mwezi ulipanda boti peke yako na masomo kwenda kwa wavuvi wa kisiwani, na mimi nikasema reli haina mawimbi. Lakini masomo yalikuwa yanarundikana, na boti ilikuwa inaondoka, na Kasongo, yule mkubwa wa kambi ya wavuvi, alikuwa amekuja mwenyewe. Nilivua viatu. Mvuvi mmoja alinibeba mgongoni kama gunia la mihogo akaniweka ndani. Nilishika ubao kwa mikono miwili nikasali kwa lugha zote ninazozijua.

Kule walinikalisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Walipanga mstari, wanaume wakubwa wenye magamba ya samaki mikononi, kila mmoja akanipa pole kwa mikono yote miwili, wakaketi chini. Msiba wako walikuwa wameusikia, lakini hawakuwa wamepata mtu wa kumpa pole. Tulikaa hivyo mpaka kivuli kikahama. Ndipo Kasongo akasema: “Mama alikuwa anatuuliza kila mara, ‘Mama yako anajua uko muzima?’ Sasa wewe, mukubwa, hautatuuliza?”

Nikasimama nikauliza. Lakini niliuliza kwa sauti ya shefu wa gare anayetangaza treni imechelewa, na mmoja akajibu, “Iko njiani!” Wakacheka, na mimi nikacheka, mpaka machozi, na sikuyafuta.

Wewe ulikuwa unarudi na maneno yao kichwani. Ulinawa miguu huku ukinisomea kwa mdomo, na mimi nikayapiga kwenye mashini: huyu kwa mama yake Kilwa, huyu Pweto, huyu Kalemie. Mara hii niliyasikia kwao wenyewe. Niliandika kwa mkono, karatasi juu ya goti. Wa kwanza aliniambia niandike kwamba amenunua kofia. Nikangoja. Akasema basi, imekwisha. Wa pili alisema mama yake aache kumtafutia wachumba, amekwisha kupata, ni Mubemba, na habari hiyo isisomwe mbele ya shangazi. Wa tatu alisema nyavu, mvua, na jino.

Nikauliza, na yale ya mwisho? Kwa sababu barua zote ulizoniletea kutoka kisiwani kwa miaka mitatu zilikuwa na mwisho wake, nami nimeupiga mara nyingi mpaka vidole viliujua: *Ninakukumbuka, mama yangu, kila ninapoona moto wa jikoni. Usihangaike, ninakula, ninasali, na nitarudi.*

Wakatazamana. Kasongo akasema hakuna mtu wa kambi ile aliyewahi kusema maneno hayo.

Helena. Ziwa zima! Mama wangapi, pande zote mbili, wamelia juu ya karatasi ile, wameiweka ndani ya Biblia, wameomba isomwe tena, na ni wewe peke yako uliyekuwa unazungumza. Na wavuvi hawa walikuwa wanashangaa kwa nini mama zao wamekuwa wapole. Kasongo aliniambia mama yake alimtumia unga, jambo asilofanya tangu alipotoka nyumbani, na hakuwahi kujua sababu. Tulicheka tena. Halafu hatukucheka. Yule wa kofia, mwenye mabega kama mlango, akaangalia majini akaniambia polepole niandike, basi, kama Mama alivyokuwa anaandika, kwa kuwa ni kweli.

Nimeandika barua kumi na tisa. Zote zina mwisho wako. Leo zimekwenda na boti ya Kilwa.

Nakuaga sasa, maana watu wamekwisha kufika na bado sijanyoa ndevu. Ninakuahidi kwamba kila mwezi nitakaokuwa hapa nitapanda boti ile, hata nikitapika njia nzima, na wale watakaoshika nafasi yetu nitawapeleka kisiwani mwenyewe, niwafundishe mwisho wa barua zako, neno kwa neno. Shalapo, Bana Ngoie, kaa vizuri. Ninakukumbuka kila ninapoona moto wa jikoni. Usihangaike, ninakula, ninasali, na nitakuja.

Mume wako,
Baba Ngoie